Foklifti ya Mkono Mrefu: Ipi Ununue, Ipi Ukodi

Ubavuni mwa foklifti za JCB za mkono mrefu, zile ambazo mkono wake hurefuka kwenda juu na mbele, kuna namba kama 540-140. Hiyo 40 ya kwenye 540 ni uzito inaoinua, tani 4, na 140 ni urefu inaofika juu, mita 14 hivi. Manitou, watengenezaji wengine, wao hutanguliza urefu: MT 1440 ni mita 14, kisha tani 4. Mnunuzi akishajua hilo huona amepata mtambo wa kusogeza tani 4 popote mkono unapofika. Hakuna mtambo wa hivyo. Beba ndoo ya maji ukiwa umeibana pajani, kisha inyooshe mbele kwa mkono mmoja. Maji ni yale yale, ila bega linalia. Kadiri silinda za haidroliki zinavyousukuma mkono nje, mzigo unazidi kuuinamisha mtambo mbele, na mkono ukinyooka wote mbele uwezo hushuka chini ya nusu. Ukweli uko kwenye chati ya mzigo ndani ya kibanda cha opereta, inayoonyesha uzito unaoruhusiwa kila mkono unapofika. Isome kabla hujauliza bei.

Kwa mkandarasi wa majengo ya ghorofa tatu au nne, namba moja kwangu ni hiyo ya mita 14. Foklifti ya ghala huishia chini ya ukuta. Hii hupitisha paleti ya matofali juu ya vifusi na kuiweka ndani ya ghorofa. Ina jeki mbili za mbele za kuukita mtambo, na magurudumu yote manne yanakata kona, hata kutembea upande kama kaa. Ukichomoa uma ukavalisha bakuli, inapakia mchanga.

Ya pili ni ya mita 7. Hiyo ni ya shamba na yadi: marobota ya nyasi, mbolea, magunia. Kama hujengi ghorofa, ipandishe iwe ya kwanza, maana ni fupi, nyepesi na ina vitu vichache vya kuharibika.

Ya mita 17 naiweka ya tatu. Wengi huinunua kwa sifa, halafu mita tatu za mwisho hazitumiki mwaka mzima.

Zile zinazozunguka kama kreni, mfano Manitou MRT, kodi tu. Umeme na sensa zake zinahitaji fundi mwenye kompyuta, na si kila mji una fundi huyo.

Ukinunua iliyotumika, usihangaike na rangi. Nyoosha mkono, uangalie pedi za plastiki zilizo kati ya kipande na kipande; zikiisha, chuma hula chuma na utaona mikwaruzo inayong'aa. Kisha inua mzigo juu, chora mstari wa chaki pale mkono unapotokea, zima injini, kanywe chai. Ukirudi ukakuta mstari umezama ndani, sili (mipira ya kuzuia mafuta) au vali zinavujisha.

Mwisho jaribu king'ora cha uzito. Mzigo ukiwa karibu na ardhi, mwambie opereta anyooshe mkono polepole. Kinapaswa kulia, na kwenye modeli mpya mkono husimama wenyewe. Yadi moja nilikuta waya wake umekatwa. Muuzaji akasema kelele zilikuwa zinamchosha opereta. Sikuuliza bei.