Mishumaa ya chumba cha singo: ya moto au ya betri? Pangaboi ndilo litakaloamua

Mwezi wa Shaabani nilinunua mishumaa 24 minene, myeupe, yenye harufu ya vanila, kwa ajili ya chumba changu cha singo, yaani kuwasugua mwili mabibi harusi, na masaji hapa Magomeni. Harusi zilikuwa zimefuatana, haikupita wiki bila mabibi harusi wawili au watatu. Chumba kilipendeza. Wenyewe walipiga picha, mama zao wakaniuliza mishumaa nimeitoa wapi, nami nikawaelekeza.

Ramadhani ilipokaribia nikafunga siku mbili nifanye usafi. Nikapanda stuli kufuta pangaboi. Kitambaa kikatoka cheusi, weusi wa tako la sufuria ya kuni. Nikainua macho. Dari ya jipsamu, niliyoipaka rangi nyeupe mwaka jana tu, ilikuwa na duara la kijivu kuzunguka pangaboi, pana kama sinia la harusi. Mashuka niliyoyakunja juu ya rafu yalikuwa na chembe nyeusi ambazo ukizigusa zinatambaa kama wanja. Nimeyafua mara tatu. Manne nimeyageuza matambara ya kupigia deki.

Nimejaribu aina nyingi tangu siku hiyo, na wiki hii dada mmoja mwenye saluni Tanga kaniuliza kama anunue mishumaa ya moto au ya betri. Namjibu hapa, na wengine wenye vyumba kama vyetu wasome.

Kwamba moto unaunguza, kila aliyewahi kuvaa kanga jikoni anajua, sitalirudia. Harufu nayo naiacha. Chumba cha singo kina karafuu, mlangilangi, asumini na liwa, na udi unafuka kwenye chetezo. Vanila ya dukani ikikutana na udi, mgeni anaumwa kichwa kabla hajalala kitandani. Nunua mshumaa usio na harufu, basi. Ninachotaka tukitazame ni kitu ambacho sijasikia muuzaji hata mmoja akikitaja: mshumaa wako utafanya nini pangaboi likiwa linazunguka?

Maana sisi wa pwani hatuna namna ya kulizima. Mgeni kapakwa mafuta, yuko chini ya shuka, mwezi wa pili, Dar es Salaam. Na mshumaa mmoja wa kawaida hutoa joto la kama wati 80, kwa hiyo ukiwasha kumi katika chumba kidogo umejiwekea jiko la umeme. Ndipo unaongeza pangaboi namba tatu, na hapo ndipo dari inapoanza kuharibika.

Mwali wa mshumaa unang'aa njano kwa sababu ndani yake kuna chembe za kaboni zilizopata moto mpaka zikawaka. Mwali ukitulia, chembe hizo zinaungua zote kabla hazijafika nchani. Upepo ukiutikisa, mwali unapoa, chembe zinatoroka hazijaungua, zinapanda kwenye dari na kushuka kwenye mashuka. Ndiyo masizi hayo. Utambi mrefu unazidisha mambo kwa sababu unanyonya nta nyingi kuliko mwali unavyoweza kuila. Ukate ubaki milimita 6 hivi kila kabla ya kuwasha, hata kama mshumaa ni mpya. Ukiona ncha imeota kichwa cheusi kama uyoga, huo umeshachelewa. Kiyoyozi hakikuokoi, kwani nacho kinapuliza, tena mara nyingi kutoka juu ya kitanda moja kwa moja.

Kipimo changu ni kisahani cheupe cha kikombe. Washa mshumaa, washa pangaboi kwa mwendo unaoutumia kazini, shika kisahani shubiri moja juu ya ncha ya mwali, hesabu dakika mbili. Usikishushe mpaka kiguse mwali, maana hapo kila mshumaa utatoa weusi. Kwa shubiri moja, mshumaa mzuri unakiacha kisahani karibu kama ulivyokichukua. Ile ya vanila ilikipaka wanja.

Sasa nipange, kuanzia ninaoupenda.

Wa kwanza ni Luminara, wa betri, na sioni haya kusema naupendelea. Nilikuwa na dharau na mishumaa ya betri kwa sababu ya vile vitaa vya plastiki vinavyokonyeza kwa mpigo mmoja, tak, tak, tak. Mgeni akilala chali dakika tano jicho lake linaukamata ule mpigo na haliuachi tena. Luminara haukonyezi. Ulimi wake ni kipande chepesi kilichoning'inizwa juu ya sumaku, sumaku inakisukuma, na taa iliyofichwa ndani inakimulika kinapoyumba. Kwa kuwa kinayumba kweli, mwendo wake haujirudii. Ufundi wenyewe ulianzia kwa wahandisi wa Disney, waliotaka mwali wa kuigiza kwenye maonyesho yao. Kwa nje aina nyingi zimevikwa nta halisi, ukigusa unagusa nta. Bibi harusi mmoja aliniomba niuzime ili asiunguze nywele, nikamwonyesha, hakuamini mpaka alipopitisha kidole.

Kisahani hapa hakina kazi. Hakuna masizi, hakuna joto, na umeme ukikatika katikati ya kazi chumba hakibadiliki. Ila ulimi huo ni mwepesi, kwa hiyo usiuelekeze kwenye feni ya mezani. Chini ya pangaboi la dari uweke pembeni, karibu na ukuta. Na kwa kuwa umevikwa nta, usiuache ndani ya gari juani, utapinda. Chukua wenye rimoti na saa ya kujizima. Kuinama na kunyanyuka kuwasha taa nane, mikono ikiwa na mafuta, ni kero. Mwingi unatumia betri za kawaida za silinda, na ukubwa wa betri unategemea ukubwa wa mshumaa, kwa hiyo soma kasha kabla ya kulipa. Betri za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, mwanga unapungua kidogo, na kwa chumba cha masaji upungufu huo mimi naupenda.

Bei yake inauma. Mmoja ni makumi ya dola, na hapa kwetu hauonekani ovyo madukani. Mimi niliagiza wawili wawili kwa ndugu wanaokuja kutoka Dubai na Marekani, mwaka mzima, mpaka wakafika sita. Sijutii hata mmoja.

Ukinunua wa betri wa jina jingine, angalia rangi ya mwanga kuliko kitu chochote. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini. Mwali wa mshumaa uko kwenye kama 1,900, na balbu ya LED ya njano ya kawaida iko 2,700. Tofauti hiyo kwenye karatasi ni namba tu, lakini juu ya ngozi iliyopakwa liwa na manjano inamfanya bibi harusi aonekane mgonjwa. Tafuta iliyo chini ya 2,200, na kama kasha halisemi, washa hapo hapo dukani uweke mkono wako mbele yake.

Wa pili ni mshumaa wa nta ya nyuki, na huu ndio wa moto pekee ninaouruhusu chumbani. Inashangaza kwamba tunaagiza mishumaa ya parafini, nta itokanayo na mafuta ya petroli, kutoka ng'ambo wakati Tabora, Katavi na Kigoma wanarina asali kila mwaka, na nta yetu inasafirishwa kwenda Ulaya kutengenezewa vipodozi na mishumaa ya watu wengine. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, hivyo joto la Dar haliilegezi, mshumaa unasimama wima Februari nzima. Harufu yake ni ya asali, nyembamba, haigombani na udi.

Upepo bado unautikisa, kwa hiyo nauvalisha kioo cha taa ya chemli. Bibi zetu walilijua hili, ndiyo maana ile taa ina kioo kirefu kilicho wazi juu na chini: hewa inaingia kwa chini, mwali unasimama umetulia hata upepo ukivuma nje. Nilinunua vioo viwili vya chemli kwa bei ya soda chache, nikavisimamisha juu ya vijiti vya chuma ili chini pabaki wazi. Ukikiketisha kioo moja kwa moja juu ya sahani umeziba hewa, na mshumaa utafuka kuliko ulipokuwa hauna kitu. Nilirudia kipimo cha kisahani mara nne, pangaboi namba mbili, kikatoka safi.

Nta ya kughushi ipo, iliyochanganywa na parafini. Ya kweli ikikaa muda inafanya ukungu mweupe juu, unaofutika ukiipasha kwa kiganja. Mteja mgeni huo ukungu anauona uchafu, kumbe ndio dalili nzuri. Na ukiisugua kwa kidole gumba lazima inukie asali.

Wa tatu ni mishumaa ya soya na ya nazi iliyomiminwa kwenye glasi. Glasi inakinga upepo kiasi, mpaka mshumaa ufike nusu. Hapo hewa inazunguka ndani na mdomo wa glasi unaanza kuwa mweusi. Mafuta ya nazi peke yake yanayeyuka kwenye nyuzi kama 24, yaani kwetu ni maji mchana kutwa, kwa hiyo anayekuuzia mshumaa wa nazi tupu uliosimama mgumu mezani mwake Kariakoo saa nane mchana hakuambii yote yaliyomo.

Vile vidogo vya plastiki vya betri bapa kama sarafu, mimi sivitaki. Vinakonyeza, na mtoto akimeza betri ile inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili. Wageni wangu huja na watoto. Rahisi ghali.

Wa mwisho kabisa ni mshumaa mnene wa parafini wenye manukato, usio na glasi. Huo ndio uliokula dari yangu.

Na sasa niseme la moyoni kuhusu wanaotuuzia. Kariakoo hufiki dukani peke yako. Winga anakudaka barabarani, anakuita dada mkubwa, anakuuliza unatafuta nini. Ukisema mishumaa, bei ni moja. Ukisema mishumaa ya spa, bei imepanda kabla hujamaliza neno, kwa bidhaa ile ile kwenye kasha lile lile. Yeye hana duka, anakimbia kuchukua kwa jirani na kuongeza chake juu, na mzigo ukiwa na kasoro hakuna wa kumrudishia, kwa sababu mwenye duka hakukuuzia na winga yuko mtaa mwingine. Mimi nilirudi na mishumaa 9 ambayo sikuwa nimeiwasha. Niliambiwa mishumaa yote inatoa moshi, dada, hiyo ni kawaida. Nikaomba wawashe mmoja tutazame. Wakasema bidhaa haijaribiwi dukani. Tunajaribishiwa balbu ya shilingi elfu mbili mbele ya macho yetu kabla ya kulipa, lakini mshumaa wa elfu kumi na tano tuununue kwa kuaminiana! Na lebo inasema asilimia mia ni soya, haina jina la kiwanda, haina anwani, imechapwa kwenye karatasi ya kubandika ambayo jasho la mkono linaifuta.

Nawaomba wenye vyumba wenzangu tukatae kununua mshumaa usiowashwa. Beba kisahani kwenye mkoba. Mwenye duka akikataa, toka.

Sabasaba nilikwenda na changu. Kwenye banda la wafuga nyuki nilimkuta mzee wa Sikonge, kapanga mishumaa ya nta ya manjano kama mahindi mabichi ya kuchoma. Nikamweleza habari ya dari, akanisikiliza mpaka mwisho. Feni ya bandani ilikuwa inazunguka. Akauwasha mshumaa mwenyewe, akausogeza pembeni kidogo, akaniambia shika kisahani chako, mama. Dakika mbili zikapita, tatu. Akakichukua, akakifuta katikati kwa kidole, akaninyooshea kidole nikitazame. Nikachukua kumi na mbili.