TAHADHARI: Betri za magari za mtandaoni na "waranti mwaka mzima"

Wadau, hasa mlioko Dar wenye Toyota IST, Raum, Spacio na wenzao: mkiona tangazo la betri mpya kwa bei ya kutupa, waranti mwaka mzima, kufungiwa bure popote ulipo, msitume hela kabla hamjasoma yaliyonikuta. Jina la ukurasa silitaji, na hata ningelitaja lisingewasaidia, kwa sababu tangu ninunue limeshabadilika mara mbili. Nitaeleza wanavyocheza. Na mchezo wenyewe hauko pale unaponunua, uko kwenye waranti.

Betri yangu ya zamani ilikata roho Jumatatu asubuhi. IST yangu ni otomatiki, kwa hiyo habari ya kuita vijana wasukume haipo. Dukani niliambiwa laki mbili na kumi kwa NS60, ndiyo saizi ya betri yangu. Kwenye simu nikakuta laki na sitini na tano, saizi ileile, "boda anakuletea ndani ya saa moja". Nikapiga hesabu ya nauli ya kwenda Gerezani na kurudi nimebeba betri, nikaona bora boda.

Kijana alifika Tabata kabla ya saa kuisha, hilo siwanyimi. Betri ilikuwa imelazwa ubavu kwenye boksi la pikipiki, jambo ambalo muuza betri anayeijua kazi yake hawezi kulikubali, maana ndani mna asidi. Akafunga, gari likawaka mara moja. Akaichukua betri yangu mbovu na kunipunguzia elfu ishirini na tano (betri mbovu zina soko lake, risasi yake inayeyushwa na kutumika tena), ikabaki laki na arobaini. Namba ya kulipia aliyonipa ilileta jina la mtu, siyo la duka. Nililiona lile jina. Nikaweka namba ya siri hivyo hivyo.

Nilipouliza risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akacheka kidogo. "Kaka, ukitaka risiti bei inapanda, kuna VAT." Nikaona asilimia 18 hiyo ni mafuta ya siku mbili, nikasema basi acha. Hapo sina wa kumlaumu. Muuzaji asiyetoa risiti ana kosa kisheria, na mnunuzi asiyeidai naye ana kosa, na mimi nilijua yote hayo nikiwa nimesimama palepale. Nikaridhika na kadi ya waranti, ambayo kwa kweli ilipendeza: ya rangi, ina nembo, ina muhuri, tarehe imejazwa kwa kalamu. Kitu kimoja tu hakikuwemo, namba ya betri.

Wiki ya tano, asubuhi, napiga stata nasikia tik-tik-tik. Jirani akanibusti, nikaenda kwa fundi umeme wangu. Akaweka mita: volti 10.4 gari limezimwa. Akaichaji usiku kucha, asubuhi ikasoma 10.6. Akaniambia, "Hii imekufa seli moja." Kwa asiyejua: betri ya gari ina seli sita, kila moja hutoa takriban volti 2.1, ndiyo maana betri nzima iliyojaa husoma kama 12.6. Ikifa seli moja, toa 2.1 unabaki na 10.5, na uichaji hadi kiyama haipandi. Fundi akaipima altaneta pia, ile inayochaji betri gari likiwaka, gari likiwa linaunguruma: 14.1. Inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi, kwa hiyo gari halikuwa na neno.

Nikawaandikia WhatsApp nikiwa na amani kabisa. Nina kadi, nina wiki tano kati ya hamsini na mbili, tatizo liko wapi? Jibu la kwanza: "Pole boss, gari lako linakula umeme." Nikawatumia picha ya mita. La pili: "Altaneta inachaji kupita kiasi." Nikawatumia picha nyingine. La tatu: "Umefunga redio kubwa?" Redio yangu ni ileile iliyotoka nayo Japani, mpaka leo inaongea Kijapani. Baada ya siku nne za mtindo huo wakalainika ghafla: "Sawa boss, tunamtuma boda aichukue, mafundi wetu waipime, ikiwa mbovu unapewa mpya leo leo."

Hapa ndipo naomba msome polepole.

Nikampa boda betri. Mkononi hakuniachia karatasi yoyote. Siku mbili gari limekaa bila betri, ya tatu boda akarudi: "Wamesema haina shida, ilihitaji chaji tu." Ikafungwa, gari likawaka, nikaona labda fundi wangu ndiye aliyekosea. Siku ya tisa ikafa tena, safari hii kwenye foleni ya Ubungo, na mwenye kuijua foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni haniulizi zaidi.

Nilipowarudia wakaniomba picha ya betri. Nikapiga, nikatuma. Likaja jibu ambalo sitalisahau: "Boss, hii siyo betri tuliyokuuzia sisi. Waranti haihusiki."

Nilidhani wananitania. Kisha nikaitazama ile betri kwa makini kwa mara ya kwanza. Stika ilikuwa ileile, lakini pembeni yake kulikuwa na alama ya gundi ya stika nyingine iliyobanduliwa. Vichwa vya risasi vilikuwa na mikwaruzo ya kubanwa na vibanio miaka na miaka. Ilikuwa betri chakavu iliyooshwa, pengine imebadilishwa maji, ikavalishwa stika. Yangu walibaki nayo, wakanirudishia hii, na sasa wananiambia hii siyo yao. Na kwa kuwa kadi haina namba, nitathibitisha nini?

Kilichoniokoa ni shemeji yangu. Siku niliyonunua alikuwa ananiulizia bei, nikampigia picha betri ikiwa bado mikononi mwa yule kijana, na ile namba iliyogongwa kwenye plastiki ya juu ilionekana vizuri. Ilikuwa bahati tu, sikupiga kwa akili yoyote. Nikaitafuta kwenye simu, nikailinganisha: namba mbili tofauti kabisa.

Nikaenda anwani iliyokuwa kwenye kadi, Kariakoo. Nikakuta fremu ya kuuza makava ya simu. Dada wa pale akasema watu wengi huja wakiuliza betri, na wengine humtukana yeye. Polisi nilipita pia, nikashauriwa kwamba kwa jinsi lilivyo kwanza ni suala la madai, nianze kwa kuwadai kwa maandishi.

Ushauri ule haukunipendeza siku hiyo lakini ulikuwa wa maana. Fundi wangu akaniandikia taarifa fupi yenye muhuri wake: tarehe, namba ya gari, namba ya betri, volti ikiwa imezimwa, volti ikiwa inaunguruma. Nikaandika barua ya madai, ukurasa mmoja. Nikaeleza nilichonunua, lini, kwa kiasi gani, nikaambatanisha ujumbe wa muamala, picha mbili za namba, mazungumzo yote ya WhatsApp, nikawapa siku saba kunirudishia hela. Chini nikaandika nakala kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ndiyo inayopokea malalamiko ya walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na nakala kwa TRA, Mamlaka ya Mapato, kwa sababu ya risiti.

Na hili watu wengi hawalijui: haki yako haikuzaliwa na ile kadi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani auze kitu chenye ubora wa kuuzika. Betri inayokufa seli ndani ya wiki tano haina ubora huo, uwe na kadi usiwe nayo. Kadi ni nyongeza. Wao wanaitumia kama ukuta, wanakuaminisha kwamba nje ya yale maandishi madogo huna lako.

Barua niliituma asubuhi. Miezi miwili hawajawahi kunipigia, siku hiyo simu iliita kabla ya saa nne. Sauti nyingine, ya mtu mzima, yenye adabu: "Kaka yangu, mbona mambo ya kupelekana mbali, sisi ni ndugu." Sijui kilichomtisha ni FCC au TRA, ila aliitaja TRA mara tatu. Akasema atanirudishia elfu themanini, eti nyingine nimeshaitumia. Tukavutana mpaka laki moja, ikaingia mchana uleule. Nilipoteza elfu arobaini, teksi, na siku kadhaa za kazi. Ningeweza kukomaa mpaka Mahakama ya Mwanzo, lakini nilikuwa nimechoka, nasema ukweli. Dakika kumi baadaye nikawa nimezuiwa.

Sasa kwa anayetaka kununua mtandaoni bado, maana najua bei zinashawishi. Kabla boda hajaondoka piga picha betri pande zote, namba iliyogongwa ionekane, vichwa vyake vionekane. Betri mpya vichwa vyake ni laini, havina mkwaruzo. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye kadi mbele yako. Akikataa, mrudishie betri yake na usiachie yako ya zamani. Beba rula, usione aibu: kwenye maandishi ya saizi kama 46B24L, ile 24 ni urefu wa betri kwa sentimita, kwa kukadiria. Kuna wanaobandika stika ya B24 kwenye kiboksi cha B19, ambacho ni kama sentimita tano kifupi zaidi. Na mita ya volti ya bei ndogo inatosha kukuonyesha kama betri "mpya" inasoma 12.5 kwenda juu au iko 12.1, yaani imekaa stoo miezi bila chaji. Betri ya kukaa hivyo inaganda salfeti kwenye sahani zake na haitarudi kuwa mpya, hata kama haijawahi kufungwa kwenye gari lolote.

Risiti ya EFD idai. Ina msimbo wa kuskani, uhakiki palepale kama inatambulika TRA. Ile elfu ishirini na kitu unayookoa ndiyo bei ya kuuza ushahidi wako.

Ikishakufa, usimpe boda. Narudia, usimpe boda. Nenda na gari lenyewe, betri ikiwa imefungwa, ipimwe ukiwa umesimama. Duka la kweli lina kile kifaa cha kupimia betri ikiwa na mzigo, haichukui hata dakika tano. Wakisema lazima ilale kwao, waandike: tumepokea betri namba fulani, kutoka kwa fulani, kwa ajili ya kupimwa, tarehe, sahihi. Wakikupa nyingine, namba mpya iingie kwenye kadi, na uulize kama waranti inaanza upya au inaendelea kuhesabiwa tangu ulipoinunua ya kwanza. Wengi huendeleza ile ya zamani, na siyo wizi hata kidogo mradi wamekwambia.

Nisiwaonee wauzaji wote. Ukiacha taa zinawaka usiku, au altaneta yako ikawa inatoa volti 15 na zaidi, hiyo betri umeiua mwenyewe na joto la Dar limekusaidia. Ndiyo maana kipimo cha altaneta kiwe cha kwanza kwenye taarifa ya fundi, kabla hawajakirukia wao. Betri niliyonayo sasa nimeinunua dukani kwa laki mbili na kumi ileile niliyoikimbia.

Hawa jamaa juzi nimewaona tena kupitia simu ya mke wangu. Jina jipya, namba mpya, ila picha ni zilezile: betri zimepangwa kwenye vigae vya maua mekundu, nyuma yake ndoo ya bluu isiyo na mfuniko. Safari hii waranti imepanda, ni miezi kumi na nane.