Wiki 8 za matembezi ya utulivu: niliyoyapata kati ya Coco Beach na Daraja la Tanzanite

Kabla ya kununua mafunzo haya ya kutembea kwa utulivu, akili ikiwa kwenye kila hatua, nilikuwa tayari natembea hapa Dar es Salaam. Miaka 3 iliyopita daktari alinipima presha, akaniandikia dawa, kisha akaniambia nitembee, nami nikatembea. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nilivaa raba, nikajifunga mtandio, nikashika njia kutoka Msasani hadi Coco Beach, nikapanda Daraja la Tanzanite mpaka upande wa Barabara ya Obama, halafu nikageuza. Simu ilinihesabia hatua. Nilirudi nyumbani nikiwa na jasho na hatua 9,000 na ushee, lakini ungeniuliza bahari ilikuwa imejaa au imepwa, nisingekuwa na jibu. Daraja lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 1, na chini yake ni bahari. Mimi nililivuka kila siku nikiwa ofisini: nabishana na bosi, napiga hesabu ya ada, namjibu wifi yangu maneno aliyoyasema mwaka juzi.

Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenitumia tangazo la mafunzo. Ni masomo 16 ya sauti, mawili kila wiki, yanayotumwa kwa WhatsApp, kila moja la dakika 12 hadi 20, yote kwa Kiswahili. Juu yake kuna matembezi mawili ya pamoja siku ya Jumamosi. Nililipa shilingi 40,000 kwa simu. Mwalimu simtaji jina kwa sababu sijamwomba ruhusa, na kwa sababu baadhi ya nitakayosema si sifa.

Nianze na jambo ambalo dada zangu wawili waliniuliza kabla hata hawajauliza bei: hii si dini ya watu? Swali ni la haki. Kutembea kwa namna hii kumelelewa na Wabudha kwa karne nyingi, na aliyekufanya kujulikane sana duniani siku hizi ni mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyeanzisha makazi ya Plum Village huko Ufaransa mwaka 1982 na kufariki mwaka 2022. Upande wa hospitali, Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 huko Massachusetts, Marekani, kufundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu kozi, ambayo leo ni ya wiki 8, iliyovuliwa ibada zote, na hii ya kwetu imefuata mkondo huo. Sikusomeshwa dua ya mtu. Niliambiwa nihisi nyayo zangu.

Lakini kilichoniondolea wasiwasi zaidi kilitoka nyumbani. Sisi Waislamu tunalijua neno khushuu tangu madrasa: mwili umesimama kwenye msala na moyo nao umehudhuria. Tena tumefundishwa kwamba sala ikikimiwa tusiiendee mbio, tutembee kwa utulivu. Nimeyasikia hayo tangu nina miaka 7. Sikuwahi kufikiri kwamba huko kutembea kwenyewe kunaweza kufanyiwa mazoezi, hatua kwa hatua, kama mtu anavyojifunza kusoma.

Sasa mafunzo yenyewe. Masomo mawili ya kwanza sikuyapenda. Mwalimu anaongea vizuri, sauti yake ni ya chini na haina haraka, lakini nyuma yake kumewekwa muziki wa filimbi wenye kelele kuliko maneno. Faili nazo ni kubwa, bando linaisha. Na somo la pili linakutaka utembee hatua moja kwa kila pumzi, huku umetazama chini mbele ya miguu. Aliyelirekodi bila shaka alikuwa kwenye bustani yenye ukuta. Mimi nilikuwa kando ya barabara, bodaboda zinapanda kwenye njia ya waenda kwa miguu, mifuniko ya mitaro mingine haipo. Mlinzi mmoja wa nyumba za Oysterbay alinisogelea kwa adabu: "Shikamoo mama, unaumwa? Nikuletee kiti?" Alikuwa na wasiwasi wa kweli. Nilimshukuru, nikavua spika za masikioni, nikarudi nyumbani nimechukia.

Niliandika malalamiko yangu kwenye kundi. Hapa nampa mwalimu haki yake: alinijibu mwenyewe kwa sauti kabla ya adhuhuri. Alisema zoezi la polepole lifanyike uani au sebuleni, hatua 20 kwenda na 20 kurudi, dakika 10 tu. Njiani nitembee mwendo wangu wa kawaida, macho juu, na nikifika pa kuvuka niache zoezi kabisa nitazame magari. Maelezo hayo yalipaswa kuwemo kwenye somo. Mtu mwingine angeweza kugongwa.

Zoezi la uani ndilo lililonifungua. Unainua mguu, unaupeleka, unauweka. Ndani yako unasema maneno hayo matatu: inua, peleka, weka. Njia hii ya kutaja kila sehemu ya hatua imeenezwa sana na walimu wa Burma. Kwa Kiswahili maneno yanakaa vizuri sana mdomoni, kama yametungwa kwa ajili ya kazi hiyo. Siku ya kwanza nilifika "inua" mara 4 tu kabla kichwa hakijakimbilia kwenye mahesabu ya mwisho wa mwezi. Mwalimu anasema kukimbia huko ndiyo kazi yenyewe: umegundua umeondoka, litaje jambo lililokuchukua, "mipango", "hasira", "hofu", halafu rudi kwenye unyayo. Hakuna kujilaumu. Nilidhani lengo ni kuwa na kichwa kitupu. Kumbe ni kurudi, hata mara 100 kwa asubuhi moja.

Nilianza kuujua mguu wangu. Wa kulia natua kwa upande wa nje wa kisigino, ndiyo maana raba zangu zote zinalika upande mmoja. Nina miaka 46 na nilikuwa sijui. Mchanga mkavu unameza kisigino na kuchosha mashavu ya miguu. Mchanga uliolowa, pale maji yalipoondoka punde, unakubeba. Mawe ya njia kwenye daraja yana ubaridi unaopenya soli alfajiri, na saa 2 asubuhi ubaridi huo haupo tena.

Somo la 7, wiki ya 4, ndilo lililonifanya niandike haya yote. Ni fupi kuliko mengine. Mwalimu anakuambia: zima kihesabu hatua, ukimaliza kunisikiliza vua spika, weka simu mfukoni, nenda. Kuhusu hesabu ya hatua anaeleza kwamba ile namba 10,000 tunayoifukuzia ilienezwa na kifaa kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965, Manpo-kei, jina ambalo maana yake ni kipima hatua 10,000. Lilikuwa jina la bidhaa. Kutembea kuna faida yake, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, lakini namba ile haikuteremshwa.

Nilitoka saa 12 na robo. Ilikuwa Jumatatu, maji yamepwa, miamba ya Coco iko wazi, watu wachache wameinama wanaokota kombe. Yangeyange wawili wamesimama kwenye dimbwi. Nikapanda daraja. Upande wa bara niliona mikoko pale Mto Msimbazi unapoingia baharini, na harufu ya tope ilinifikia kabla sijaiangalia. Hewa ilikuwa na chumvi. Nilivuta pumzi kwa hatua 3 na kutoa kwa hatua 4, bila kuilazimisha, na katikati ya daraja nikagundua kwamba kwa muda fulani sikuwa nimemjibu mtu yeyote kichwani mwangu.

Jumatatu iliyofuata, saa ile ile, bahari ilikuwa imejaa, miamba haionekani hata mmoja. Nilisimama nikitazama. Mimi ni mtoto wa pwani, marehemu babu yangu alikuwa mvuvi Bagamoyo, na tangu utoto naambiwa habari za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na kwamba maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo ukitoka saa ile ile kila asubuhi, baada ya wiki unakuta kinyume cha ulichokiacha. Kwa miaka 3 nilipita hapo kila siku. Bahari ilibadilika mbele ya macho yangu kila siku, mimi sikuwepo. Nililia kidogo pale darajani, na sioni haya kulisema.

Wiki ya 5 ilikuwa ngumu, na mtu anayefikiria kujiunga ajue. Ukikaa kimya na miguu yako, yaliyofunikwa yanajitokeza. Mama yangu alifariki wakati wa mfungo mwaka jana, nami nikarudi kazini siku ya 4. Sasa kila nikifika sehemu ya daraja inayotazama bahari kuu, alikuja: sauti yake, harufu ya udi wake, na siku ile ambayo sikupokea simu yake. "Taja, kisha rudi kwenye unyayo" haikutosha. Nilimwandikia mwalimu, akanishauri nipunguze zoezi hadi dakika 5, nitembee na mtu ninayempenda, na hali ikiendelea nimwone mtaalamu wa ushauri. Nilitembea na binti yangu wiki nzima, tukazungumza habari za bibi yake kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Ushauri ulikuwa mzuri. Ila tahadhari hii ingetolewa wiki ya kwanza, kwa watu wote, kabla ya kupokea fedha.

Matembezi ya pamoja niliyahudhuria yote mawili. Tulikuwa kama watu 15, wengi vijana, na wazee watatu tuliopewa heshima ya kutangulia. Nusu saa ya kimya ufukweni, halafu madafu. Sikutarajia kwamba kimya cha watu wengi kina uzito wake. Unasikia nyayo za wenzako na zako zinataka kuzifuata. Kunguru walipiga kelele kama kawaida yao, na nilipozoea, kelele hizo nazo zikawa sehemu ya matembezi. Kijana mmoja alichukua video ya kila kitu, na jioni tukajiona kwenye tangazo la mafunzo. Hatukuombwa. Nililalamika, ikaondolewa, lakini jambo hilo liliniudhi na bado linaniudhi.

Kwa wanawake wenzangu: msiende peke yenu kungali giza kwa sababu tu sauti imewaambia alfajiri kuna utulivu. Mimi nasubiri kupambazuke na pawe na wakimbiaji darajani, na simu haitoki mfukoni. Na kuvaa spika masikioni njia nzima, kama masomo mengi yanavyotaka, ni kujinyima sikio ambalo pengine lingekuonya. Siku hizi nasikiliza somo nyumbani nikinywa chai, ndipo natoka.

Kuhusu presha: natumia dawa zangu kama nilivyoandikiwa na sijaziacha. Vipimo vyangu vya miezi miwili hii vimekuwa vizuri kuliko vya mwanzo wa mwaka, lakini nimepunguza pia chumvi, kwa hiyo siwezi kuyapa matembezi sifa yote. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni usingizi. Nilikuwa naamka saa 8 usiku na kubaki macho. Sasa nikiamka, nasikiliza pumzi kwa hesabu ile ile ya darajani, na mara nyingi adhana ndiyo inayoniamsha.

Je, shilingi 40,000 ni halali yake? Masomo 16 ningeyafanya 8. Masomo ya 11 hadi 14 yanarudia maneno yale yale, na la 13 sikulimaliza. Mtu mwenye nidhamu anaweza kujifunza misingi bure, hata programu ya Plum Village ya simu haina malipo, ila haiko kwa Kiswahili. Mimi nililipia Kiswahili, na nililipia mtu wa kunijibu nilipokwama, na kwa hayo mawili sijuti. Muziki wautoe.

Jana nimemlipia dada yangu mkubwa, mmoja wa wale wawili waliouliza habari za dini. Yeye yuko Tanga, ana Raskazone yake ya kutembelea. Nimemwambia aanze na zoezi la uani, aruke somo la pili, na akifika la 7 anipigie simu aniambie maji yalikuwa wapi.