TV mbili, jumba moja: maoni yangu kuhusu "The Courtroom" ya I Love Lucy

Kama umewahi kupanga ploti moja na mwenye nyumba, mlango wake ukitazamana na wako, basi kipindi hiki kilitengenezwa kwa ajili yako, hata kama waliokitengeneza hawakuwa wamesikia jina la Nakuru, mji wetu hapa Kenya. Kinaitwa "The Courtroom", kiko katika msimu wa pili wa I Love Lucy, mfululizo wa vichekesho vya televisheni, na kilirushwa na kituo cha CBS kule Marekani tarehe 10 Novemba 1952. Nakipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyopotea nitaeleza imeenda wapi.

Kisa hiki hapa. Fred na Ethel Mertz, wenye jumba, wanatimiza miaka 25 ya ndoa. Wapangaji wao ambao pia ni marafiki zao wa chanda na pete, Lucy na Ricky Ricardo, wanawapa zawadi ya televisheni mpya. Ricky, ambaye kazi yake ni kuimba na kuongoza bendi, anajitia ufundi. Anagusagusa nyaya, TV inalipuka. Fred anapanda na hasira zake hadi kwa akina Ricardo na kuipiga TV yao teke la kioo. TV mbili kwishnei. Wote wanne wanaishia mbele ya hakimu, kila upande ukidai ulipwe.

Yote hayo yanaingia katika chini ya nusu saa, na hakuna dakika ya kuchezea. Sitcom nyingi (vichekesho vya TV) za siku hizi zinakupa visa vitatu kwa mpigo na hujui ufuate kipi. Hapa ni kisa kimoja tu, na kila kinachofuata kinatokana na kilichotangulia.

Tulikitazama kwangu tukiwa kikundi, maana ploti yetu ina desturi kwamba mwenye skrini kubwa hafungi mlango jioni. Mjadala uliofuata ulikuwa mrefu kuliko kipindi chenyewe. Nilidhani mama mwenye ploti angemtetea Fred, mwenye nyumba mwenzake. Wapi! Alianza kumkemea hata kabla teke halijatua vizuri.

"Huyu mzee hana akili. Zawadi ikiharibika unasema asante, halafu unatafuta fundi. Sasa amepata nini? Yake haijarudi, na ile ya jirani ambayo angeenda kutazama, ameivunja pia."

Kijana wa bodaboda wa nyumba ya mwisho akamjibu kwa heshima zote, "Lakini mama, ilikuwa imeshakuwa yake. Ukinipa simu leo, kesho ukiishika ikaanguka, umevunja simu yangu, hujavunja zawadi yako."

"Kwa hivyo na wewe utakuja kunivunjia yangu?"

"Hapana mama. Nitakuja tuongee kuhusu rent."

Hapo ndipo utamu wa kisa ulipo. Waandishi wake, Jess Oppenheimer, Madelyn Pugh na Bob Carroll Jr., walichagua kitu ambacho kila mmoja ana haki nacho kidogo. Ricky alitoa pesa zake, kwa hivyo moyoni bado anaiona TV ile kama ya kwake na haoni shida kuichokoa. Fred ameshaipokea, kwa hivyo anaona mgeni amemharibia mali. Wangegombania deni la kodi, tungejua mara moja nani ana makosa na tungechoka mapema. Zawadi iliyoharibiwa na mtoaji wake ni kesi nyingine kabisa, na watu wazima watano chumbani kwangu hawakuimaliza.

Huku kwetu kesi ya namna hii ingeanzia kwa wazee wa Nyumba Kumi, ile kamati ya usalama ya majirani, pengine ifike kwa chifu, na ikishindikana iende Mahakama ya Madai Madogo. Mahakama hiyo ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ikiwemo fidia ya mali iliyoharibiwa, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ricky na Fred wangetoshea pale bila shida. Hakimu angelazimika kuamua kama teke la Fred ni kisasi au ni malipo, na hilo ndilo swali ambalo kipindi kinalikwepa kwa ustadi mkubwa.

Nusu ya mahakama ndiyo iliyonichekesha zaidi, ingawa wenzangu walipenda zaidi mlipuko. Hakuna anayekana kwamba TV zimevunjika. Wanachodanganya ni adabu zao. Kila shahidi anajieleza kama malaika aliyezungumza kwa upole, na jirani kama jitu lililokuja na povu mdomoni. Lucille Ball, anayecheza Lucy, anapotoa ushahidi mtazame uso, achana na maneno: anamtazama hakimu kama mtoto aliyeonewa shuleni. Sisi tuliolelewa na Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha TV ya Kenya, tunalijua jambo hili. Kule mshtakiwa hujifunga mwenyewe kwa kusema mengi, na mahakama hubaki imesimama wima hadi mwisho. Katika "The Courtroom" nayo mahakama haisalimiki. Zaidi ya hapo sisemi, utajionea.

Kicheko unachosikia si cha kubandikwa. Kipindi kilichezwa mbele ya watazamaji walioketi studio, kikinaswa kwa kamera tatu za filamu kwa wakati mmoja chini ya mpiga picha Karl Freund. Unaweza kusikia watu wakijizuia kucheka ili wasipitwe na sentensi inayofuata, na waigizaji wakiwasubiri kidogo. Ndiyo maana pia picha bado ni safi baada ya miaka yote hii, tena kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Sasa nyota iliyopotea. Fred anamtupia Ethel maneno ya kejeli kuhusu umbo lake na umri wake, na hiyo ni tabia yake mfululizo mzima. Mara ya kwanza unacheka, mara ya nne unamwonea mama wa watu huruma. Na ukijua ya nyuma ya pazia inakuwa nzito zaidi. William Frawley, anayecheza Fred, alizaliwa 1887. Vivian Vance, anayecheza Ethel, alizaliwa 1909. Mwanamke wa miaka 43 anaambiwa atabasamu akisherehekea miaka 25 ya ndoa na mtu aliyemzidi miaka 22. Vance hakuwahi kulifurahia jambo hilo, na wawili hao hawakupatana nje ya kamera. Kwa maoni yangu inaonekana: wanapogombana wao kwa wao wana ladha kuliko wanapopatana.

Halafu kuna mzaha wa lafudhi ya Ricky. Desi Arnaz, anayemcheza, alizaliwa Santiago de Cuba, na Kiingereza chake kinachekwa kila baada ya dakika chache. Mimi mtu wa bonde, ambaye "r" na "l" zangu zimekuwa burudani ya ofisi nzima, nilicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini Arnaz mwenyewe ndiye aliyekuwa na kampuni iliyotengeneza mfululizo huu, Desilu, pamoja na Lucille Ball aliyekuwa mkewe hata nje ya skrini. Mwenye mali akijicheka, mimi ni nani nimzuie.

Tarehe ya kipindi ilinikalia kichwani. Novemba 1952 hapa kwetu ilikuwa wiki tatu tu tangu serikali ya kikoloni itangaze hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba. Televisheni nchini ilikuja 1962. Kwa hivyo wakati Wamarekani wanacheka TV mbili zikivunjwa, babu zetu huku Rift Valley walikuwa hawajaona hata moja, na walikuwa na mambo mazito ya kuwashughulisha. Nakuru pia imewahi kuona majirani wakikosana kwa namna isiyochekesha hata kidogo. Labda ndiyo maana nilifurahia ugomvi huu mdogo, wa watu wanne wanaojuana kwa majina, na ambao sababu yake unaweza kuinyooshea kidole pale sakafuni.

Kitu kingine cha kuchekesha kwa wapenda ramani: anwani ya jumba lao, 623 East 68th Street, ingekuwa majini, ndani ya mto East River wa New York, kwa sababu barabara hiyo haifiki nambari hizo. Wenzetu wa Mwariki, mtaa wa hapa Nakuru ambao ziwa limewafuata wakazi wake hadi milangoni, huenda wasicheke sana.

Kwa wanaotaka kukitafuta. Mimi nilitumiwa diski (DVD) za msimu wa pili, wenye vipindi 31, na shemeji yangu aliye Marekani. Jihadhari: DVD hufungwa zichezwe katika eneo fulani la dunia, na diski za kule ni za eneo la 1 na sisi Kenya tuko eneo la 5, kwa hivyo deki ya kampuni kubwa inaweza kuzikataa. Zile deki za bei nafuu za madukani mjini, ambazo hazina jina la maana, mara nyingi zinacheza chochote. Yangu ilicheza bila kelele. Kiingereza chao ni cha kasi, hasa wanne wote wanapoongea kwa pamoja, kwa hivyo washa maandishi kama yapo. Ricky akikasirika anahamia Kihispania, na hapo huhitaji tafsiri, mikono yake inatosha.

Watoto wanaweza kutazama bila wewe kukimbilia rimoti. Ila waambie wasijaribu ufundi wa Ricky. Fundi mmoja wa TV hapa mjini, aliyekuja kutazama nasi, alishindwa kabisa kucheka kwenye ule mlipuko. Alitukumbusha kwamba TV za zamani, zile za mgongo mkubwa, huweka umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa ukutani, na kioo chake kikipasuka vipande huruka kwa sababu ndani hakuna hewa. Kwa hivyo teke la Fred, alisema, lilikuwa la hatari kuliko hata mkono wa Ricky, na mama mwenye ploti akachukua hoja hiyo kama ushindi wake.

Ukikimaliza na bado una hamu ya ugomvi wa jumba hilohilo, kaa kwenye msimu huo wa pili na utafute "Never Do Business with Friends" cha Juni 1953. Akina Ricardo wanawauzia akina Mertz mashine kuukuu ya kufulia, nayo inaharibika kabla pesa hazijatolewa. Sisi tumekiweka cha Jumamosi, na kijana wa bodaboda tayari ameapa kwamba safari hii atakuwa upande wa mnunuzi, hata kabla hajakiona.