Makopo matupu ya Soko la Mbuyuni: tathmini baada ya miezi 5 ndani ya friza

Wiki mbili kabla mdogo wangu hajajifungua nilikwenda Soko la Mbuyuni, hapa Moshi, kutafuta vyombo vya kugandishia mtori, kwa sababu mzazi anapaswa kuupata kila siku na kazi yangu hainiruhusu kushinda jikoni nikimenya ndizi mshare. Vyombo vipya vya friza vilinishinda bei. Kwa mama mmoja anayeuza makopo matupu nikanunua 12 kwa shilingi 9,000: manne ya aiskrimu ya lita 2, manne ya siagi ya kupaka mkate na manne ya mtindi.

Huduma ya mama huyo ni nzuri. Makopo yake yameoshwa, yamepangwa kwa ukubwa, kila moja lina mfuniko wake, na aliniacha niyageuze yote nisome maandishi ya chini bila kunikunjia uso. Nilikataa kimoja tu, kindoo cheupe kisicho na lebo, kwani katika mji uliozungukwa na mashamba ya kahawa chombo kisichojulikana kilikotoka huenda kilibeba dawa ya kupulizia mibuni, na sabuni haiondoi kile ambacho plastiki imekwisha kukinywa.

Namba iliyo ndani ya pembetatu ya mishale chini ya kopo hutaja aina ya plastiki. Haithibitishi kwamba chombo kinafaa kwa chakula au kwa baridi, kwa maana alama ya chakula ni glasi na uma, na ya friza ni chembe ya theluji. Hata hivyo, namba hiyo ndiyo iliyonifafanulia tofauti niliyoiona. Makopo ya aiskrimu yalikuwa na namba 2, yaani polithini nzito, ambayo haikakamai hata katika nyuzi 18 chini ya sifuri, kiwango kinachotakiwa ndani ya friza. Ukilibonyeza ubavuni likiwa limetoka kwenye baridi, hunepa kidogo, na ukilimwagia maji ya bomba kwa nje, mtori hutoka mzima kama tofali. Hakuna hata moja lililopasuka.

Ya mtindi, magumu na yenye kung'aa, yalikuwa na namba 6, polistirini, na hayo siyapendekezi kabisa. Nililijaza moja hadi ukingoni, jambo ambalo lilikuwa kosa langu, kwa sababu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na ni lazima kuacha nafasi ya sentimita 2 hivi juu. Asubuhi nilikuta ufa umeshuka kutoka ukingoni hadi katikati ya kopo, na juu ya barafu kilikuwa kimenata kipande chembamba cha plastiki, ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo. Niliumwaga mtori wote pamoja na nyama yake, kwa kuwa kipande kama kile kikizama kwenye bakuli la mzazi hakuna atakayekiona.

Ya siagi, namba 5, yako katikati. Polipropilini ya kawaida huanza kuwa kavu na kuvunjika kirahisi karibu na nyuzi 0, kwa hiyo hustahimili friza mradi lisigongwe. Moja liliniponyoka likaangukia sakafu ya saruji na pembe yake ikameguka papo hapo. Ninayatumia kwa njegere na nyanya za kusaga, na huyashika kwa mikono miwili.

Hakuna kopo kati ya haya lililotengenezwa kwa ajili ya moto. Mtori ukiepuliwa, naugawa kwenye sufuria pana zilizowekwa ndani ya karai la maji baridi, upoe upesi na uingie kwenye baridi kabla ya saa mbili kupita, ndipo naupakua kwenye makopo. Wakati wa kuutumia nauyeyusha ndani ya friji usiku kucha, kisha nauchemsha kwenye sufuria, kamwe si ndani ya kopo, kwani baridi hulaza bakteria tu, haiwaui. Kopo lililokwaruzika kwa ndani nalitoa jikoni.

Faida moja sikuitarajia: makopo ya aiskrimu, kwa kuwa ni ya pembe nne, hupangika bila kuacha mianya, na umeme ukikatika friza iliyojaa hivyo hutunza baridi kwa takriban saa 48 usipoifungua, wakati iliyojaa nusu hutunza kwa saa 24 hivi.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwa yule mama nikachukua manane mengine ya aiskrimu, yote ya namba 2. Ya mtindi yaliyobaki sasa yanahifadhi vifungo na pini za cherehani.