Bima ya Corolla ya 1996 iliyogeuzwa giaboksi: uzoefu wangu Malindi

Kwa wenye haraka: ndiyo, gari kuukuu lililotolewa giaboksi ya otomatiki likawekwa ya manyuali linakatiwa bima, tena hapa hapa Malindi bila kushuka Mombasa. Ila usiondoke na cheti tu. Hakikisha mabadiliko hayo yameandikwa ndani ya mkataba wenyewe.

Langu ni Toyota Corolla AE100 ya mwaka 1996, cc 1500. Giaboksi ya kwanza ilipoanza kuteleza, unakanyaga mafuta injini inalia na gari halisogei, fundi wangu wa Ngala alinipa njia mbili: kutafuta otomatiki nyingine ya mtumba, ambayo hujui ilikotoka iliendeshwa vipi, au kugeuza. Nikageuza. Watu hudhani ni giaboksi na klachi basi. Kuna pedali na pampu zake mbili, flaiwili, mkono wa gia na kebo zake, halafu kuna nyaya. Nyaya nitazirudia.

Wakala wa kwanza, ofisi yake iko barabara ya Lamu, alinisikiliza nusu akanikata: "Kaka, hilo usiliseme. Kwani kwenye logibuku giaboksi imeandikwa wapi?" Kwa logibuku yuko sawa. Mna namba ya injini, namba ya chesisi, rangi, bodi. Ukibadilisha injini unapaswa kuwaarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, lakini giaboksi haimo. Fomu ya kuombea bima ndiyo inayouliza kama gari limefanyiwa mabadiliko yoyote. Bima husimama juu ya kusema kweli yote: jambo linaloweza kuifanya kampuni ikatae au ipandishe bei, mteja ndiye wa kulitaja kabla ya kutia sahihi. Ukiandika "hapana", umewapa sababu ya kukunyima fidia. Nikamwambia hivyo, akacheka, eti hakuna anayechungulia. Siku ya ajali watachungulia, bwana. Pedali ni tatu, na kwenye chumba cha injini kuna kibati cha kiwandani chenye alama ya giaboksi ambayo gari lilizaliwa nayo. Nikamuaga.

Nikaenda kwa dalali wa bima, anayefanya kazi na kampuni kadhaa. Dada aliyenihudumia alisema ukweli mapema: "Thadi pati nakukatia sasa hivi. Hiyo kubwa nipe nafasi nipige simu, maana umri wa gari hili wengi hawautaki." Thadi pati hufidia wengine uliowadhuru, kubwa hulipia na gari lako mwenyewe. Kweli, kampuni nyingi hufunga mlango wa bima kubwa gari likishafika miaka kumi na mitano hivi. Moja ikakubali, kwa sharti likaguliwe kwanza na mthamini wao.

Huyo mthamini ndiye aliyenifurahisha kuliko wote. Rangi hakuiangalia kwanza. Alitandika gunia akalala chini na tochi, akakagua maunti za giaboksi, yaani vishikizo vyake, kama zimefungwa kwa bolti zake au zimechomelewa kienyeji. Kisha akaketi kwenye usukani, akatia gia ya kwanza, akageuza ufunguo bila kukanyaga klachi. Kimya. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Gari la otomatiki lina swichi inayozuia stata isizunguke mpaka gia iwe P au N. Mafundi wengi wakigeuza gari huziunganisha zile nyaya mbili moja kwa moja ili liwake, na tangu hapo linaweza kuruka likiwashwa na gia ndani, hata kama mbele yake kuna mtoto. Wangu alikuwa amezipitisha kwenye swichi ya pedali ya klachi. Halafu mthamini akanituma nyuma: "Mzee, hebu niangalizie taa ya rivasi." Ikawaka. Akapiga picha kibati, pedali na risiti ya giaboksi. Kama fundi wako hakukuandikia risiti, mrudie kabla hujaenda kwa yeyote.

Bei sasa. Gari lilithaminiwa 290,000. Bima kubwa ilikuja 32,500, ambacho ndicho kiwango chao cha chini kabisa, ukiongeza tozo za asilimia 0.45 na shilingi 40 za stempu. Giaboksi haikupandisha hata senti. Kinachoumiza ni umri, maana unalipa zaidi ya asilimia kumi ya thamani ya gari. Thadi pati ingekuwa 7,500. Mimi hushuka Mombasa usiku mara kwa mara, kwa hiyo nililipa huku nikinung'unika. Kama lako halizidi laki mbili na safari zako ni Mambrui na sokoni, kata thadi pati ulale usingizi. Sheria inachodai ni hiyo tu, nayo humfidia mtu uliyemuumiza hadi shilingi milioni 3.

Na usidanganyike na neno "kubwa". Giaboksi ikivunjika yenyewe njiani hawalipi, huo ni uchakavu. Kutu vilevile, na kwa chumvi ya Malindi kutu si jambo dogo. Gari likiharibika kabisa hulipwa bei ya soko ya siku hiyo, hata ikiwa chini ya ile 290,000.

Cheti kiliingia kwenye simu kabla sijatoka ofisini. Mkataba ulichelewa wiki kadhaa, na ulipofika umeandikwa "otomatiki", ile sentensi yetu ya mabadiliko haipo. Nikaurudisha. Yule dada aliomba radhi, akafuatilia mpaka kikaja kiambatisho chenye mhuri. Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja wameipoteza hapo.

Tangu hapo nimedai mara moja, jiwe la njia ya Marafa lilipopasua kioo cha mbele. Walilipa bila vuta nikuvute. Lakini kioo hakina uhusiano na giaboksi, kwa hiyo mtihani wenyewe bado hawajaufanya, na mimi sina haraka ya kuwatahini.