Msalaba uliochongwa kwa boriti ya kanisa la kale: uzoefu wangu

Nilipotembelea magofu ya kanisa kuu la Coventry, Uingereza, sikutulia tena. Kanisa lile la karne ya 14 na 15 liliunguzwa na mabomu usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, kisha boriti mbili za paa, nyeusi kwa moto, zikafungwa pamoja kuwa msalaba. Nikatamani na mimi msalaba wa kushika wakati wa sala, wa mbao ambazo watu wamesali chini yake kwa karne nyingi.

Wa kwanza niliununua mtandaoni nikajuta. Tangazo lilisema tu "mbao ya kanisa la kale". Kuuliza ni kanisa gani, muuzaji kimya. Tena ulipakwa vanishi nzito hata nyuzi za mbao hazionekani.

Wa pili nimeuchukua kwa fundi anayechonga mwenyewe, pauni 45. Umekuja na karatasi inayotaja kanisa, boriti ilikokuwa na mwaka paa lilipokarabatiwa. Usinunue bila karatasi hiyo, kwani kwa kawaida makanisa ya Kianglikana kule hayaondoi wala kuuza vitu vyake bila kibali cha dayosisi, kwa hiyo mbao halali ina historia ya kueleza.

Ni mwaloni, mti niliokuwa nikiujua kwa mialoni ya Mamre ya kwenye Biblia tu. Maseremala wa zamani waliuchonga ukiwa mbichi, maana ukishakauka unakuwa mgumu kwelikweli. Ubavuni pana tundu la msumari, limezungukwa na doa jeusi linaloelekea bluu. Ndivyo tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mwaloni, inavyofanya ikikutana na chuma penye unyevu. Fundi angeweza kulikata, akaliacha, akapaka nta ya nyuki tu. Kila usiku kidole gumba changu huishia hapo.

Nyuma pana vitundu vya wadudu. Hofu ilinishika kwamba bado unabunguliwa, nikauweka juu ya karatasi nyeupe wiki mbili. Haukudondosha unga hata chembe. Kasoro ni boksi: jepesi mno, ncha moja imebonyea njiani.

Nimeshaagiza mwingine wa mama. Nimemwomba fundi, kama boriti ina alama ya msumari, asiikwangue.